NYUMBA NA JAMAA: Ufa Uulizwe Kabla ya Kuzibwa

Askari wa jeshi au wa polisi hupitisha sehemu kubwa ya umri wake katika nyumba isiyokuwa yake. Hukabidhiwa chumba kambini, hutia sahihi, na siku ya uhamisho hukirudisha. Bati likitoboka au bawaba ya mlango ikikatika, wajibu wake ni kutoa taarifa; kutengeneza ni kazi ya wengine. Jamaa nyingi za polisi wa Uganda zimelea watoto katika vibanda vya alumini vinavyojulikana kwa jina la uniport, na hapana mtu aliyewataka wajue namna ya kuvijenga wala kuvikarabati.

Lakini siku ya kustaafu haina budi kufika. Siku hiyo mume na mke huingia katika nyumba yao wenyewe, iliyoinuliwa kidogo kidogo kwa mshahara uliokuwa ukitumwa nyumbani. Askari wa Uganda walianza kupelekwa Somalia mwezi Machi 2007, na tangu hapo wako waliojenga nyumba nzima kwa kuagiza kwa simu, bila ya kuona msingi ukichimbwa. Sasa hapana ofisi ya kupelekewa taarifa. Kila ufa ni wa mwenye nyumba, na kila shilingi ya kiinua mgongo iliyotumbukizwa ukutani bure haitarudi tena.

Katika hali hiyo, mwalimu wa kwanza wa mwenye nyumba ni mwenye nyumba mwenziwe. Kisimani, kwa mwuza mabati, au watu watokapo katika ibada, wake kwa waume huelezana kazi walizozifanya kwa mikono yao: huyu amepaka lipu, yule amefunga mfereji, mwingine ametengeneza sakafu ya jiko. Desturi hii ni njema, nayo imeokoa fedha nyingi. Hata hivyo ina upungufu mmoja: watu huonyeshana matokeo na kuficha safari. Mgeni huonyeshwa ukuta mweupe unaong'aa. Haambiwi mchanganyiko ulikuwa wa ndoo ngapi, wala ukuta ulio chini ya lipu ni wa udongo gani, wala kwamba lipu ya kwanza ilianguka yote. Basi naye hurudi kwake akaiga kile alichokiona, ilhali kile asichokiona ndicho kilichoifanya kazi isimame.

Ufa Una Habari Yake

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo ni ya kweli, nayo imewahimiza watu wengi wasichelewe. Lakini yuko mtu anayeziba ufa kila mwaka, na bado akaishia kujenga ukuta.

Mfano wa kawaida ni huu. Koplo mstaafu ana nyumba ya matofali ya kuchoma, urefu mita 8 na upana mita 6, iliyoezekwa kwa mabati. Mwaka wa pili ufa unatokea kwenye pembe ya dirisha na kushuka mshazari hadi chini. Koplo anauziba kwa saruji kali, anapaka rangi, na majirani wanamsifu. Mvua zikipita, ufa unarudi mahali pale pale, nao ni mpana zaidi. Anauziba tena, mara hii kwa saruji kali kuliko ile ya kwanza. Mwaka wa tatu mtoto anaweza kutia kidole ndani yake, na dirisha halifungi.

Kosa la koplo huyu halimo katika saruji yake. Limo juu ya paa. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba huleta lita 1 ya maji. Nyumba ya mita 8 kwa 6 ina mita za mraba 48, bila ya kuhesabu upenu. Mvua moja nzito ya milimita 25 hulishushia paa hilo lita 1,200, yaani jerikeni 60 za lita 20. Ikiwa paa lina miteremko miwili na halina mifereji, jerikeni 30 humwagika mbele ya nyumba na 30 nyuma yake, kwenye mstari ule ule mwembamba chini ya mchirizi, mvua baada ya mvua. Udongo uliobeba msingi hulainika na kuchukuliwa na maji. Pembe ya nyumba hutitia. Ukuta nao hupasuka mahali palipo dhaifu, ambapo mara nyingi ni kwenye pembe ya dirisha au ya mlango. Saruji iliyojazwa ufani haina nguvu ya kuinua msingi ulioshuka.

Kwa hiyo ufa huulizwa kwanza, na namna ya kuuliza si ngumu. Ufa mwembamba kama unywele, ulio ndani ya lipu peke yake, mara nyingi ni dalili ya lipu iliyokauka upesi mno. Ufa unaopita katika matofali yenyewe ni habari nyingine. Mwenye nyumba huchora kwa penseli mistari miwili midogo, mmoja kila upande wa ufa, hupima nafasi iliyo kati yake kwa rula, na kuandika kipimo na tarehe pale pale ukutani. Baada ya mwezi hupima tena. Yafaa vipimo viendelee wakati wa mvua na wakati wa kiangazi, kwa sababu udongo mweusi wa mfinyanzi, kama ule wa Karamoja na wa nyanda za Athi nchini Kenya, huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, hata ufa ukafunguka na kufungika kwa kufuata majira.

Ufa uliotulia huzibwa: hupanuliwa mdomo kidogo kwa patasi, hufagiliwa vumbi, huloweshwa, kisha hujazwa. Ufa unaozidi kukua hauzibwi mpaka chanzo chake kiondolewe. Na ufa uliozidi milimita 5, au unaofuatana na mlango kukataa kufunga, au ulio katika ukuta ulioinama ukipimwa kwa timazi, hauna budi kuonyeshwa mhandisi au fundi aliyehitimu.

Maji ya Paa

Dawa ya koplo ilikuwa mfereji wa bati chini ya upenu, pamoja na njia ya kuyapeleka maji mbali. Kazi hiyo mwenye nyumba aweza kuifanya na mwanawe kwa siku mbili. Uzi hufungwa kutoka mwisho mmoja wa paa hadi mwingine, ukiteremka kiasi cha sentimita 1 kwa kila mita 1, na vishikizo vya mfereji hupigiliwa kwa kuufuata uzi huo. Vishikizo visiachane zaidi ya mita 1, la sivyo mfereji uliojaa maji utapinda katikati na kumwaga maji ukutani, mahali pale pale palipokuwa pakilindwa.

Maji yakiongozwa kwenye pipa au tangi, jamaa hupata faida mbili kwa kazi moja: msingi hubaki mkavu, na mama wa nyumbani hupunguziwa safari za kisimani. Lakini tangi lina sharti zake. Lita 1,000 za maji zina uzito wa kilo 1,000. Tangi la namna hiyo halikai juu ya matofali yaliyopangwa tu bila ya kujengwa. Linataka jukwaa imara. Maji ya kwanza ya kila mvua, yaliyobeba vumbi na mavi ya ndege, huachwa yapite nje. Mdomo wa tangi hufunikwa kwa wavu mwembamba ili mbu wasizaliane humo. Na maji hayo yakitakiwa kunywewa, huchemshwa.

Paa lenyewe nalo lina maswali yake. Tone linaloangukia kitandani si lazima liwe limetokea tundu lililo juu ya kitanda, kwa maana maji hutiririka juu ya mti wa paa mita kadhaa kabla ya kudondoka. Mwenye nyumba hupanda ndani ya dari mchana, hufunga madirisha, na kutazama nukta za mwanga katika giza. Kila nukta huwekewa alama. Mara nyingi huonekana kwamba tundu ni la msumari uliopigiliwa katika bonde la bati badala ya mgongo wake, ambapo maji yote hupita. Msumari wa namna hiyo hung'olewa, tundu lake huzibwa, na mpya hupigiliwa mgongoni pamoja na kizibo chake cha mpira.

Tundu dogo la kutu husuguliwa kwa brashi ya waya, hupakwa lami, hufunikwa kwa kipande cha kitambaa kigumu kinachozidi tundu kwa sentimita 5 kila upande, kisha hupakwa lami tena juu yake. Saruji mbichi haifai juu ya bati, kwa kuwa hula zinki inayolikinga lisipate kutu. Anayepanda paani hungoja bati likauke, huweka ubao juu ya miti ya paa na kukanyaga ubao huo, na chini huwapo mtu wa kushika ngazi. Bati hununuliwa dukani, mguu hauuzwi.

Ukuta wa Udongo na Koti Lake

Nyumba nyingi za vijijini ni za fito na udongo, au za matofali mabichi. Si nyumba za kudharauliwa. Zikiwa na kofia nzuri na viatu vizuri, yaani upenu mpana na msingi ulioinuka, huishi miaka mingi. Kinachoziua mara nyingi ni heshima ya uongo. Mwenye nyumba anaona ukuta wa saruji wa jirani, anatamani, naye anapaka lipu ya saruji juu ya udongo. Mwaka wa kwanza nyumba hupendeza. Lakini saruji ni ngumu na haitikisiki, na udongo ulio chini yake hutanuka na kusinyaa kadiri ya unyevu. Lipu hupasuka nyufa nyembamba, maji huingia kwa nyufa hizo, nayo hayapati njia ya kutoka. Ukuta hulainika kwa ndani bila ya kuonekana. Siku moja lipu huanguka kwa vipande vikubwa, nayo huchukua udongo pamoja nayo.

Ukuta wa udongo hutaka koti la udongo. Lipu yake ni udongo, mchanga na nyasi kavu zilizokatwa fupi, na katika sehemu nyingi huongezwa mavi ya ng'ombe. Kwa kuwa udongo wa kijiji kimoja si udongo wa kijiji kingine, hapana kipimo kimoja cha kunakiliwa na wote. Kwanza hutazamwa udongo wenyewe: chupa ya kioo hujazwa udongo hadi theluthi, huongezwa maji na chumvi kidogo, hutikiswa sana, kisha huachwa. Mchanga hutua kwa muda wa dakika moja hivi. Udongo laini hufuata. Mfinyanzi hubaki ukielea kwa saa nyingi. Hapo mwenye nyumba huona kwa macho yake ana nini.

Kisha hufanya majaribio ukutani. Hupaka miraba mitatu midogo, kila mmoja wa upana wa karatasi ya daftari: wa kwanza sehemu 1 ya udongo kwa 1 ya mchanga, wa pili 1 kwa 2, wa tatu 1 kwa 3. Huitia namba na kuiacha wiki moja. Mraba uliopasuka umezidi mfinyanzi. Mraba unaopukutika ukisuguliwa kwa kiganja umezidi mchanga. Ule usiopasuka wala kupukutika ndio utakaotumika. Jaribio hilo halina gharama, nalo humwepusha mtu na hasara ya kukandika nyumba nzima mara mbili.

Lipu ikikauka hupakwa chokaa nyepesi mara tatu au nne, ukuta ukiwa umeloweshwa kidogo kila mara. Chokaa hukaza polepole kwa kuvuta hewa ya kaboni, na huruhusu ukuta kupumua. Lakini chokaa mbichi huchoma. Mpakaji hufunika macho na mikono, na watoto huwekwa mbali.

Mahali Pa Saruji

Saruji ina mahali pake: sakafu, msingi, ukuta wa matofali ya kuchoma, na mzingo wa kuizunguka nyumba ili maji yaanguke mbali na ukuta. Zege la sakafu kwa kawaida huwa ndoo 1 ya saruji, 2 za mchanga na 4 za kokoto. Lipu ya ukuta wa matofali ya kuchoma huwa ndoo 1 ya saruji kwa 5 za mchanga safi. Kipimo ni ndoo ile ile, si koleo, kwa kuwa koleo moja hujaa kilima na jingine hujaa nusu.

Makosa mawili ndiyo huharibu saruji nyingi za wenye nyumba. La kwanza ni kuchanganya mfuko mzima wa kilo 50 asubuhi, kisha kuuongezea maji alasiri unapoanza kuwa mgumu. Saruji iliyoanza kukaza haifufuki kwa maji; huonekana laini, lakini nguvu yake imekwisha. Huchanganywa kiasi kitakachotumika kwa saa moja. La pili ni kuiacha ikauke juani. Saruji haikazi kwa kukauka, bali hukaza kwa kunywa maji. Sakafu mpya hufunikwa kwa magunia na kuloweshwa asubuhi na jioni kwa siku 7. Mke asiyewahi kushika mwiko aweza kuifanya kazi hiyo ya kulowesha, nayo ina uzito sawa na kazi ya fundi aliyeimwaga sakafu.

Kazi Zisizo za Kubahatisha

Ziko kazi ambazo ushujaa hauna faida ndani yake. Ya kwanza ni umeme. Fyuzi inayokatika kila mara inatoa onyo. Anayeiwekea waya mnene ili isikatike amelinyamazisha onyo, na waya zilizo ndani ya ukuta zitapata moto bila ya mtu kujua. Kazi hiyo ni ya fundi wa umeme mwenye leseni.

Ya pili ni asbesto. Majengo mengi ya zamani ya serikali katika Afrika ya Mashariki, zikiwamo nyumba za kambini na za reli, yaliezekwa kwa shiti za saruji zenye nyuzi za asbesto. Shirika la Afya Duniani limetamka kwamba aina zote za asbesto husababisha saratani. Shiti hizo hazikatwi kwa msumeno, hazitobolewi, hazisuguliwi kwa brashi, wala vipande vyake havichukuliwi kwenda kuezekea banda la kuku. Vumbi lake halionekani, na ugonjwa wake hutokea baada ya miaka mingi.

Ya tatu ni kubomoa ukuta ili kupanua chumba kabla ya kujua ukuta huo umebeba nini. Hali kadhalika, anayeishi katika nyumba ya kambini akumbuke kwamba nyumba hiyo si yake. Kasoro yake huandikwa katika taarifa. Haitengenezwi kwa siri.

Daftari la Nyumba

Jeshini kila gari lina kitabu chake: lilipokwenda, lililoharibika, lililotengenezwa. Nyumba iliyokula akiba ya miaka 20 haistahili kupewa heshima ndogo kuliko lori. Daftari la kurasa 48 latosha. Ndani yake huandikwa tarehe ya kila kazi, udongo ulichimbwa wapi, ndoo zilikuwa ngapi, fedha zilitumika kiasi gani, na kazi ilionekanaje baada ya mvua. Kazi iliyoshindikana huandikwa kwa urefu kuliko iliyofaulu. Mume aliye mbali kikazi hupelekewa picha ya ufa kwa simu, rula ikiwa imewekwa kando yake ili upana uonekane. Kwa njia hiyo mke hawi mlinzi wa nyumba tu, bali huwa msimamizi wake, na fundi mjanja hamdanganyi kwa urahisi.

Daftari hilo ndilo la kuchukuliwa kwa majirani. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, ambamo watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi vidogo, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha mazingira yao. Nguvu ya vikundi vile ilikuwa katika mazungumzo yanayoishia kwenye kazi. Jamaa sita za wastaafu katika kijiji kimoja zaweza kufanya vivyo hivyo bila ya redio wala mgeni rasmi. Hukutana katika nyumba mojawapo, hutazama ukuta wake, na kumwuliza mwenyewe mambo matatu: kasoro ilitoka wapi, mchanganyiko ulikuwa gani, na nini kilianguka kabla ya hiki kilichosimama. Asiyeona haya kujibu swali la tatu amewafaa wenzake kuliko aliyewaonyesha rangi.

Majira nayo yapangwe. Kusini mwa Uganda mvua kubwa huja kati ya Machi na Mei, na tena kati ya Septemba na Desemba. Kwa hiyo paa na mifereji hukaguliwa mwezi Februari na mwezi Agosti. Kaskazini, ambako kiangazi kirefu huanza Desemba hadi Machi, huo ndio wakati wa kukandika na kupaka chokaa. Mvua ya kwanza ikinyesha, mwenye nyumba achukue mwavuli, atoke nje, na aizunguke nyumba yake polepole. Dakika kumi za kutazama maji yanakoangukia zitamweleza asili ya nyufa zake, naye ayaandike aliyoyaona kabla ya kwenda kununua mfuko wa saruji.